Likizo ya Juni Barabarani: Namna ya Kuwatembelea Marafiki wa Zamani na Kuiona Nchi

Kila Juni, shule zinapofungwa, familia nyingi za Dar es Salaam huanza kuulizana waende wapi. Wengi huenda kijijini kwa wazazi, na hilo ni jema. Lakini ipo safari nyingine inayostahili kupangwa kila baada ya miaka michache: kuingia barabarani na familia, kupita mji hadi mji, na kulala kwa watu mliosoma nao, mliokaa nao kambi moja ya JKT, au mliopanga nao chumba kabla hamjaoa wala kuolewa. Watu hao wapo. Mmoja alihamishiwa Morogoro, mwingine anafundisha Iringa, wa tatu analima parachichi Njombe, wa nne ana duka la pembejeo Mbeya. Mnapigiana simu panapotokea msiba, mnatumiana picha za watoto, na kila mara mnamalizia kwa ahadi ya kuonana.

Makala hii inahusu namna ya kuitimiza ahadi hiyo. Nimechukua mfano wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, takribani kilomita 830, kwa sababu ina miji yenye watu wetu wengi na ina mambo mengi ya kuona. Anayeelekea Moshi, Mwanza au Songea atabadilisha majina ya miji tu. Neno langu kubwa ni hili: panga safari kuanzia kwa watu, halafu vivutio vifuate. Anayeanza na vivutio hufika kwa rafiki usiku akiwa hoi, huondoka alfajiri, na kurudi nyumbani na picha nyingi za tembo bila kujua hata mtoto wa pili wa rafiki yake anaitwa nani.

Anza na majina

Kabla ya kufungua ramani, chukua karatasi uandike majina ya wote unaowafahamu kwenye njia hiyo. Kisha wagawe: wa kulala kwao, wa kula nao chakula cha mchana, na wa kupita kuwasalimia. Orodha ya kwanza iwe fupi. Kwa safari ya siku kumi, vituo vitatu vya kulala vinatosha kabisa.

Sababu yake ni kwamba usiku mmoja hautoshi kuitwa matembezi. Siku ya kwanza mnafika jioni, mwenyeji anahangaika jikoni, watoto wanaoneana haya, na nyinyi wakubwa mnajibizana habari za barabarani. Siku ya pili ndiyo mazungumzo hufunguka, pale mnapokunywa chai bila haraka na mtu anapokumbuka jambo ambalo hakutaka kulisema kwenye simu. Kwa hiyo laleni mara mbili kila kituo, na mara tatu kwa wale mlioshibana nao zaidi. Msizidishe hapo. Wahenga waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, waliijua gharama ya kulisha watu. Mkikaa siku ya tatu, basi jembe lishikeni kweli: nendeni sokoni, pikeni, osheni vyombo.

Ratiba inayokubalika inaweza kuwa hivi. Siku ya kwanza Dar hadi Morogoro, kama kilomita 190, na mnalala hapo mara mbili. Siku ya tatu mnapita Mikumi hadi Iringa, kama kilomita 310, na mnalala mara tatu. Siku ya sita mnakwenda Mbeya na kukaa hadi ya nane. Siku ya tisa mnageuza na kulala njiani, na ya kumi mnafika nyumbani. Siku moja baada ya hapo iachwe wazi kabla ya kurudi kazini. Anayeingia ofisini asubuhi baada ya kufika usiku wa manane hulipa kwa afya yake.

Simu ya wiki tatu kabla

Ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba "nitapita huko mwezi wa sita" haujamwarifu mtu yeyote. Piga simu, zungumza na mtu mwenyewe, na fanya hivyo wiki tatu au nne kabla. Muulize mambo yafuatayo bila kuzunguka: tarehe hizo yupo? Nyumbani pana mgonjwa? Je, kuna mtoto wa darasa la mtihani ambaye yuko kambi ya masomo au anahitaji utulivu? Kama rafiki ni mkulima wa Nyanda za Juu, uliza kuhusu mavuno, kwa maana Juni na Julai mahindi yanavunwa na huenda siku nzima akawa shambani. Hilo halizuii kwenda. Linabadilisha tu saa za kufika, na pengine mtakwenda naye shambani, jambo ambalo watoto wa mjini hawatalisahau.

Kisha omba kuzungumza na shemeji. Hapa ndipo wengi hupunguza adabu bila kukusudia. Rafiki yako anaweza kukuitikia kwa furaha, "njooni tu, nyumbani ni kwenu," kumbe mwenzake ndiye atakayebeba kazi zote na hajaambiwa neno. Msalimie, mweleze mko wangapi, nani hali nini, mtafika saa ngapi, na mtaondoka lini. Mgeni mwenye tarehe ya kuondoka hupokelewa kwa moyo mwepesi zaidi kuliko yule anayesema "tutaona."

Piga tena siku moja kabla, na asubuhi mnapoanza safari. Mkichelewa njiani, sema. Mwenyeji aliyepika kwa ajili ya saa nane mchana na kuona gari saa mbili usiku ameshaumia moyo, hata kama atawapokea kwa tabasamu.

Misiba iliyokupita

Katika miaka mliyokuwa mbali, rafiki yako huenda amempoteza mzazi, mwenza au mtoto. Pengine ulituma rambirambi kwa simu na hukuweza kwenda. Usifike nyumbani kwake ukaanza na vicheko vya shuleni kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara mkishakaa na kupewa maji, mwambie pole kwa jina la marehemu. Mpe mkono wa pole ulioandaa kwenye bahasha, hata kama ni miaka mitatu imepita. Kwa desturi zetu pole haina muda wa mwisho, na mfiwa hukumbuka nani alikuja hata akichelewa.

Kama kaburi liko karibu, omba kupelekwa. Nusu saa ya kusimama pale na kuomba dua au sala inafungua njia ya mazungumzo ambayo yangekaa yamefungwa siku zote mbili. Na kama mzazi wa rafiki bado yu hai, hasa yule aliyewahi kukupikia ulipokuwa mwanafunzi, mpangie muda wake maalumu. Mpelekee kitenge au khanga, sukari na sabuni, mwamkie, mkae naye. Yeye ndiye mtu katika orodha yako ambaye hutakiwi kumwahirisha hadi mwaka ujao.

Zipo pia habari nyingine za kuulizia mapema kwa rafiki wa pamoja: ndoa iliyovunjika, kazi iliyopotea, ugonjwa wa muda mrefu. Lengo ni kujua usiulize nini mbele ya watoto. Mengine atayasema mwenyewe akiwa tayari.

Kulala kwake au gesti

Mialiko yetu ni mipana kuliko nyumba zetu. Mwalimu anayeishi nyumba ya shule yenye vyumba viwili atakuambia pana nafasi, na atamaanisha, kwa sababu yuko tayari kulala sebuleni na watoto wake. Ni juu yako kupima. Mkiwa wawili na mtoto mdogo, laleni kwake. Mkiwa watano au sita, tafuteni gesti au loji ya karibu, lakini lisemeni jambo hilo mapema na kwa maneno ya heshima: "Tutakula kwako na kushinda kwako, usiku tukapumzike mahali ili nanyi mlale." Ukilisema ukiwa tayari mlangoni, litaonekana kama dharau kwa nyumba yake.

Mkilala kwake, bebeni mashuka na mablanketi yenu. Hii ni kweli zaidi katika Nyanda za Juu, ambako Juni na Julai ni miezi ya kipupwe na baridi yake si mchezo. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mufindi, Makambako na Njombe ziko juu zaidi. Mtoto aliyezoea joto la Temeke anahitaji sweta, soksi na kofia ya sufu, na mwenyeji hapaswi kuhangaika kuazima mablanketi kwa majirani.

Kuhusu fedha, wenyeji wengi watakataa ukiwapa mkononi. Nenda sokoni na shemeji siku ya kwanza na ulipe: mchele, nyama, mafuta, mkaa au gesi. Siku ya kuondoka, mpe dada wa kazi bahasha yake, kwa kuwa ndiye aliyeamka mapema kuliko wote kwa ajili yenu.

Zawadi hufuata barabara

Barabara hii ni soko refu, na ukiijua hutahitaji kununua zawadi za gharama. Kanuni ni kumpelekea kila mtu kile ambacho kwake hakipatikani kwa urahisi. Kutoka Dar beba nazi, tende, viungo vya pilau na samaki wakavu waliofungwa vizuri. Mtu wa bara aliyewahi kuishi Pwani atavifurahia kuliko kitambaa cha meza. Mkifika Ruaha Mbuyuni mtakuta vitunguu vimepangwa kando ya barabara, na Ilula nyanya. Msimpelekee vitunguu hivyo mtu wa Iringa, ambaye kwake ni jirani tu. Vipelekeni Mbeya, au vinunueni mkiwa mnarudi. Mkirudi ndipo gari lijae: viazi na parachichi za Njombe, majani ya chai ya Mufindi, mchele wa Kyela au Usangu. Nyanya zinunuliwe siku ya mwisho, na zikae juu ya mizigo.

Jambo moja la kukumbuka: ukimnunulia mtoto mmoja wa mwenyeji, umewanunulia wote. Uliza idadi yao kwenye ile simu ya kwanza. Madaftari, kalamu na mpira wa miguu huwafaa watoto wa umri wowote.

Barabara yenyewe

Gari lipelekwe kwa fundi wiki moja kabla. Aangalie breki, rejeta, mkanda wa injini, taa, wipa na matairi yote manne pamoja na la akiba. Hakikisheni mna jeki, spana ya magurudumu, vibao vya pembetatu, mtungi wa kuzimia moto na bima iliyo hai. Anzeni safari alfajiri ili mtoke Kibaha na Chalinze kabla malori hayajajaa.

Msiendeshe usiku. Barabara hii hubeba shehena ya Zambia na Kongo, na malori yaliyoharibika hubaki barabarani bila taa. Mkiona majani au matawi yamelazwa kwenye lami, punguzeni mwendo papo hapo, kwani mbele kuna gari limekwama au ajali. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa hadi mtakapokiona kibao cha kumaliza, na trafiki wenye tochi huwa hawako mbali. Lakini msipunguze kwa kuogopa faini. Watoto wa vijiji hivyo huvuka barabara kwenda shule na kisimani, na huko uendako unakwenda kwa mtu ambaye wanawe wanavuka barabara hiyo hiyo.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara kuu hupita kwa kilomita kama 50. Hapo wanyama huvuka wapendavyo: nyani, swala, pundamilia, twiga, hata tembo. Fuateni vibao vya mwendo, msisimame kulisha nyani, na msishuke kwenye gari. Anayegonga mnyama hulipa faini kulingana na aina ya mnyama. Piteni mchana, ili muwaone na muwakwepe.

Baada ya Ruaha Mbuyuni mnaanza kupanda Mlima Kitonga. Kona zake ni kali, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Mkipanda, angalieni joto la injini, na msilipite lori kwenye kona hata kama linatambaa. Mkishuka siku ya kurudi, msitegemee breki peke yake. Ingizeni gia ya chini mapema, na gari la otomatiki nalo lina nafasi yake ya gia za chini. Watoto wanaotapika safarini wakae karibu na dirisha, na wasile chakula kizito kabla ya mlima. Dereva akichoka, mwingine ashike. Kama dereva ni mmoja, kila baada ya saa mbili au tatu mshuke mnyooshe miguu.

Tembeeni na mwenyeji

Ukiuliza watu wa Iringa ni wangapi wamefika korongo la Isimila, utashangaa. Mtu huishi kilomita chache kutoka mahali ambapo wageni husafiri siku nzima kupaona, asifike kwa miaka ishirini, kwa sababu hakuna aliyemwambia "twende." Mwambie wewe. Badala ya kumwacha mwenyeji nyumbani akipika huku mkizunguka peke yenu, pakianeni pamoja na watoto wake, na viingilio vyote lipa wewe. Lisemeni hilo kabla ya kutoka nyumbani ili asianze kupiga hesabu mfukoni akiwa getini.

Morogoro, nendeni Uluguru. Safari ya miguu kutoka mjini kwenda Morningside inachukua asubuhi nzima, na njiani mnapita mashamba ya mboga na kuuona mji wote chini. Wanaopenda wanyama waingie langoni Mikumi, kama kilomita 100 kutoka Morogoro. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Fikeni asubuhi mapema wakati wanyama bado wanatembea. Getini hawapokei fedha taslimu, kwa hiyo andaeni kadi ya benki au salio la kulipia kwa namba ya malipo. Wenye siku moja zaidi wakunje kushoto mji wa Mikumi kuelekea Ifakara hadi Mang'ula, lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Maporomoko ya Sanje huko yana urefu wa takribani mita 170, na kuyafikia ni kupanda kwa miguu ndani ya msitu. Viatu viwe vya kushika ardhi.

Iringa ndiko ningekushauri utumie muda mrefu zaidi. Kabla hamjafika mjini, kando ya barabara kuu pana mnara wa Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe chini ya Mtwa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Simameni hapo. Kesho yake nendeni Kalenga, kijiji kilichokuwa ngome ya Mkwawa, mwendo mfupi kwenye njia ya Hifadhi ya Ruaha. Katika makumbusho ya hapo limewekwa fuvu lake. Mkwawa alijiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa, fuvu lake likapelekwa Ujerumani, suala la kurudishwa kwake likaandikwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarudi nyumbani mwaka 1954. Aliyelipokea, Chifu Adam Sapi Mkwawa, baadaye akawa Spika wa Bunge la Tanzania. Mwache rafiki yako mwenyeji awasimulie watoto habari hizi kwa namna alivyozisikia kwao. Hakuna kibao cha makumbusho kinachofikia simulizi hiyo.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini, upande wa barabara ya Mbeya. Ni korongo lenye nguzo ndefu zilizochongwa na mvua na upepo, na humo zilikutwa zana za mawe za watu wa kale sana, kuanzia mwaka 1951 eneo hilo lilipotambuliwa. Watoto wataushika wakati kwa mikono yao wakitazama shoka za mawe. Mchana kuleni Neema Crafts, karakana na mgahawa wa pale mjini unaowaajiri watu wenye ulemavu, na zawadi za kununua mtazikuta hapo hapo. Jioni pandeni jiwe la Gangilonga mkae mtazame mji. Pale juu ni pazuri kwa mazungumzo ya wakubwa wawili huku watoto wakikimbizana, ingawa lazima mtu mmoja awe anawaangalia.

Mbeya na Rungwe zina wingi wa mambo, basi chagueni. Daraja la Mungu katika Mto Kiwira ni jiwe la volkano lililoukalia mto kama daraja, na kufika kwake ni rahisi kwa wazee na watoto. Ziwa Ngosi liko ndani ya kreta katika safu ya Poroto. Njia yake ni ya msituni, yenye mwinuko na utelezi, inafaa vijana na wenye magoti mazima. Tukuyu mvua hunyesha hata kipupwe, kwa hiyo bebeni makoti ya mvua. Upande wa kwenda Tunduma, wilayani Mbozi katika Mkoa wa Songwe, kipo Kimondo cha Mbozi, kipande kimoja cha chuma kilichotoka angani, kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Wanaotaka joto washuke Kyela hadi Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi huuza vyungu vyao maarufu.

Pa kuahirisha ni Kitulo. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2005, inasifika kwa maua yake, lakini maua hayo hutoka wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Ukienda Julai utakuta nyasi na baridi. Iwekeni kwenye safari nyingine.

Kila siku kiwe kivutio kimoja. Viwili vikiwa karibu sana, kama Kalenga na mji wa Iringa, sawa. Vitatu kwa siku vinamchosha mwenyeji na kuwanyima nyote chakula cha jioni cha pamoja, ambacho ndicho mlichokifuata.

Mnapokuwa hamlingani tena

Mliketi dawati moja, lakini maisha hayakuwagawia sawa. Mmoja amejenga, mwingine bado anapanga. Mmoja ana watoto watano, mwingine aliomba mtoto na hakupata. Hapa ndipo ziara inaweza kuponya au kuumiza.

Mwenye nacho asijieleze sana. Usitaje bei ya gari, ada ya shule ya mwanao wala kiwanja cha Bagamoyo isipokuwa umeulizwa. Usimlinganishe mtoto wako na wa mwenyeji katika lugha au alama. Sifia kilichopo: bustani, heshima ya watoto, ugali wa shemeji. Asiye nacho naye asiigeuze ziara kuwa siku ya kuomba mkopo, na mgeni asilete fomu za biashara yake mezani. Kama kuna shida ya kweli, zungumzieni mkiwa wawili, baada ya chakula, na utoe jibu unaloweza kulitekeleza. Ahadi ya kazi kwa mdogo wake ambayo huwezi kuitimiza itamfanya asikupigie tena.

Deni la zamani, kama lipo, lisameheni au lilipeni kabla ya kuanza safari. Ugomvi wa zamani nao uzungumzwe mara moja, kwa ufupi, yule aliyekosa akiomba radhi bila kujitetea. Mkishaumaliza, msiurudie.

Simu zikae kando wakati wa kula. Na kabla ya kuweka picha za nyumbani kwa rafiki mtandaoni, muulize. Huenda hapendi watu waione sebule yake, huenda kuna jamaa wanaomdai, au amevaa nguo ya msiba. Picha ni yenu wote.

Kuaga, na kazi inayobaki

Ageni usiku wa kuamkia safari, kwa utulivu, na kila mtu asikie shukrani yake: rafiki, shemeji, wazazi, dada wa kazi, watoto. Asubuhi huwa na mizigo na haraka. Wakitaka kuwasindikiza hadi barabarani, wakubalini, hata kama mna gari. Mkifika kituo kinachofuata, pigeni simu kuwa mmefika salama. Wao hawatalala hadi waisikie.

Mkirudi nyumbani kuna kazi ya wiki moja. Chapisheni picha chache nzuri na kuzituma kwa basi. Wazee wengi hawana simu za kuzitunzia, na picha ya ukutani hukaa miaka. Fikisheni salamu mlizotumwa, na kama uliahidi kuulizia dawa au nafasi ya chuo, leta jibu hata kama ni hapana. Halafu mwalike rafiki yako kwa tarehe inayojulikana, kwa kuwa mkiachiana "siku moja" mtarudi kulekule mlikotoka. Shule hufungwa tena Desemba, na watoto wake hawajaiona bahari. Mwambie shemeji chumba kitakuwa tayari, mtumie nauli ya basi kama hali yao ni ngumu, na siku hiyo uwe wewe wa kuamka alfajiri kwenda kuwapokea stendi ya Magufuli.